PLL ya kidijitali ndani ya chipu ya Bluetooth: vitu vitatu ambavyo chipu lazima ijipimie yenyewe

PLL ni kitanzi kinacholinganisha osileta, yaani sakiti inayozalisha mawimbi ya redio, na kristali yenye masafa thabiti, ili osileta ikae kwenye chaneli yake. Transista ya teknolojia ya nanomita 130 ni maskini wa volteji. Umeme wa kulisha ni 1.5 V. Ukishatoa sehemu za juu na za chini ambako transista haifanyi kazi vizuri, osileta ya kizamani, ile inayoongozwa kwa volteji, inabakiwa na kama 0.8 V ya kuchezea. Ukitaka hiyo 0.8 V ifunike 300 MHz, ili chipu ivumilie tofauti za kiwandani na mabadiliko ya joto, basi kila milivolti moja inasogeza masafa kwa 375 kHz. Sasa Bluetooth ya kawaida inabeba data kwa kusogeza masafa kama 160 kHz tu kila upande. Kelele ya milivolti moja kwenye waya wa kuongozea osileta inaumeza ujumbe wote.

Lakini transista hiyohiyo ni tajiri wa wakati. Inveta (nazungumzia geti la mantiki, si ile ya sola) inageuka ndani ya pikosekunde 20 hadi 40. Hapo ndipo Robert Bogdan Staszewski na wenzake wa Texas Instruments kule Dallas walipojengea hoja yao: acha kupima volteji, pima kingo za kloki zinafika saa ngapi. Mwaka 2004, kwenye ISSCC, mkutano wa kimataifa wa sakiti za chipu, mjini San Francisco, walionyesha kitengeneza masafa cha Bluetooth ambacho kitanzi chake chote ni cha kidijitali, katika nanomita 130. Mpangilio ule bado ndio mlango mzuri wa kuingilia fani hii, na ndio ninaoufuata hapa, pamoja na namba zake.

Wengi wakisikia "kidijitali chote" hudhani kazi ni kuandika Verilog (lugha ya kueleza sakiti za kidijitali), kuisukuma kwenye zana, na kwenda kulala. Verilog ni sehemu rahisi. Ndani ya kitanzi hiki kuna vitu vitatu vya analogi ambavyo hakuna anayevijua kwa uhakika mpaka silikoni irudi kutoka kiwandani, na hata hapo vinabadilika na joto: osileta inasogea hezi ngapi kwa biti moja, inveta moja inachukua pikosekunde ngapi, na ukingo wa kristali umeangukia wapi ukilinganisha na ukingo wa osileta. Chipu isipojipimia hivi vitatu, haitafanya kazi hata Verilog iwe safi kiasi gani.

Hesabu ya kuanzia

Kitanzi kinapewa neno la masafa, yaani uwiano wa masafa unayotaka na masafa ya kristali. Kwa chaneli ya 2402 MHz na kristali ya 13 MHz, neno hilo ni 184.769. Tenga biti 8 kwa namba nzima na biti 15 kwa desimali. Hatua ndogo kabisa inakuwa 13 MHz ÷ 32768, karibu 397 Hz, ambayo inatosha na kubaki.

Kila ukingo wa kristali unapofika, kilimbikizi cha rejea kinaongeza neno hilo. Upande wa pili, kaunta inahesabu mizunguko mizima ya osileta, na TDC, yaani kipima wakati cha kidijitali, inakamilisha sehemu ya mzunguko iliyobaki. Toa kimoja kwa kingine, umepata kosa la fezi, katika vipande vya mzunguko. Hakuna pampu ya chaji, hakuna kapasita kubwa ya chujio inayokula nusu ya eneo.

Pande zote mbili zinafika 255 na kurudi sifuri. Ziache zirudi. Kosa la kawaida la anayeanza ni kuweka kizuizi ili hesabu "isifurike". Akishafanya hivyo, kitanzi kinapoteza mzunguko mzima mara kwa mara. Utoaji wa kawaida wa biti 8 zenye alama unatoa jibu sahihi maadamu tofauti ya kweli haizidi mizunguko 128.

Kaunta yenyewe inakimbia 2.4 GHz, na seli za kawaida za nanomita 130 hazimalizi kujumlisha biti 8 ndani ya pikosekunde 416. Igawe: biti 2 za chini zikimbie kwa kasi kamili, zitengenezwe kwa mkono, na biti 6 za juu zikimbie kwa robo ya kasi. Kisha chelewesha biti 2 za chini kwa idadi sahihi ya hatua ili zikutane na wenzao wa juu. Ukikosea hatua moja, kaunta inadanganya kwa mzunguko 1 au 4 kila inapobeba, na kwenye spektra utaona uchafu usioeleweka unatoka wapi.

Osileta: kapasita za atofaradi

DCO, yaani osileta inayoongozwa kwa namba, ni koili na kapasita kama osileta yoyote, ila kapasita zake zinawashwa na kuzimwa na biti. Kwenye muundo ule wa Texas Instruments kulikuwa na makundi matatu. La kwanza ni la biti 8, hatua ya 2.3 MHz, kwa ajili ya kufidia kiwanda, volteji na joto. La pili nalo ni la biti 8, hatua ya 461 kHz, kwa ajili ya kukimbilia chaneli. La tatu lina kapasita 64 zilizolingana, kila moja ikisogeza 23 kHz, kwa ajili ya kufuatilia na kubeba data. Angalia jinsi yanavyopishana: kundi la tatu lote linafunika 1.472 MHz, zaidi ya mara tatu ya hatua moja ya kundi la pili. Upishano huo usiubane ili kuokoa eneo. Hatua za kundi kubwa hazilingani kikamilifu, na mahali biti ya juu inapogeuka, kwa mfano kutoka 127 kwenda 128, pengo linaweza kupanuka kiasi kwamba kuna masafa yasiyofikika kabisa.

23 kHz juu ya 2.4 GHz inamaanisha kubadili kapasita yote kwa sehemu 19 kwa milioni. Ukiwa na koili ya 2.2 nH, kapasita yote ni kama 2 pF, kwa hiyo kapasita moja ya kufuatilia inabadilika kwa kama atofaradi 38. Hutapata kitu kidogo hivyo kwa kuchora sahani mbili za metali na kutumaini. Unachukua transista ndogo kuliko zote inayoruhusiwa na kiwanda, unaitumia kama varakta, yaani kapasita inayobadilika kwa volteji, na unaigeuza kati ya hali mbili ambazo mkunjo wake umelala. Hapo kelele ya volteji ya biti haigeuki kuwa kelele ya masafa. Ukichagua volteji ambayo iko kwenye mteremko wa mkunjo, umerudisha ugonjwa uleule wa 375 kHz kwa milivolti, safari hii mara 64.

Hata 23 kHz ni nene. Kelele ya kuruka hatua hizo kwa kasi ya 13 MHz inatoka kama −109 dBc/Hz (desibeli ukilinganisha na mawimbi makuu, kwa kila hezi) kwenye umbali wa 500 kHz, na osileta yenyewe ilikuwa kwenye −112. Yaani hesabu ya kidijitali ingepiga kelele kuliko fizikia. Dawa ni sigma-delta: chukua biti 5 za desimali za neno la kuongozea, ziendeshe kwa osileta iliyogawanywa kwa 4, yaani 600 MHz, na ziwashe na kuzima kapasita chache haraka haraka. Wastani unashuka hadi hatua ya karibu 0.72 kHz, na kelele inasukumwa mbali, kwenye makumi na mamia ya MHz, ambako osileta yenyewe inaidhoofisha. Ila usije ukasahau kwamba viwango vya simu za mkononi vina masharti makali kwenye umbali huohuo; kinachopita kwenye Bluetooth huenda kikafeli kwenye simu.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwapiga watu chenga. Hatua ya kapasita haibaki ileile ukihama chaneli. Inakua kwa mchemraba wa masafa. Kutoka 2402 hadi 2480 MHz, kapasita ileile inasogeza masafa kwa asilimia 10 zaidi. Ukipima hatua mara moja katikati, 2440 MHz, utakosea kama asilimia 5 kila mwisho wa bendi. Bluetooth ya nishati ndogo inataka kiashirio cha modulesheni (uwiano wa msogeo wote wa masafa na kasi ya data) kikae kati ya 0.45 na 0.55, yaani asilimia 10 kila upande. Nusu ya posho umeila kabla joto halijaleta yake. Kipimo hiki lazima kifanyike kwa kila chaneli, au angalau kipimwe kwa moja na kusahihishwa kwa mchemraba kwa zingine.

Kupima kwenyewe si kazi. Kitanzi kikiwa kimefunga, yaani osileta imekaa kwenye masafa yaliyotakiwa, ongeza neno la masafa kwa kiasi unachokijua, tuseme 500 kHz, subiri kitulie, uone neno la kuongozea osileta limesogea vipande vingapi. Likisogea 21.7, hatua ni 23 kHz. Kelele itakutikisa, kwa hiyo chukua wastani wa sampuli 64 kabla na 64 baada. Kristali ndiyo rula, na haikugharimu chochote kwa sababu tayari ipo.

TDC: mnyororo wa inveta

Ishara ya osileta inapita kwenye mnyororo wa inveta, na ukingo wa kristali unapofika, flipu-flopu zinapiga picha ya mnyororo mzima. Mahali 1 zinapogeuka 0 panakuambia ukingo wa osileta ulipita zamani kiasi gani. Muundo wa Dallas ulitumia hatua 48. Kanuni ya kuchagua idadi: chukua kona ya kasi zaidi ya kiwanda, baridi kali, volteji ya juu, na uhakikishe mnyororo bado unafunika mzunguko mmoja na nusu wa osileta. Inveta zikifika pikosekunde 15, mzunguko na nusu wa pikosekunde 416 unataka hatua 42.

Kelele inayotokana na ukali wa kipimo hiki unaikokotoa kwa mstari mmoja: (2π)² ÷ 12, mara mraba wa uwiano wa inveta na mzunguko wa osileta, gawa kwa masafa ya kristali. Kwa pikosekunde 25 na kristali ya 13 MHz inatoka −90 dBc/Hz. Inveta ikiwa na kasi mara mbili, unapata 6 dB. Kristali ikipanda hadi 40 MHz, unapata karibu 5 dB bila kugusa transista hata moja, na ndiyo sababu sijawahi kuona mantiki ya kung'ang'ania kristali ya masafa ya chini kwenye muundo mpya.

Tatizo kubwa la TDC liko kwenye jina la kipimo chake. Inakupa jibu kwa "inveta", wakati kitanzi kinataka "mizunguko". Lazima ujue mzunguko mmoja ni inveta ngapi, tuseme 15.9 leo mchana na 16.7 usiku wa baridi. Ukikosea kwa asilimia δ, kosa la fezi linakuwa na meno ya msumeno, na meno hayo yanatokea kwenye spektra kama mwiba ulio δ chini ya mawimbi makuu: asilimia 1 ni −40 dBc kabla kitanzi hakijauchuja.

Njia ya mwanzo ya kupima ni kutumia picha ileile ya flipu-flopu. Pata mahali ukingo unaopanda ulipo, pata unaoshuka, tofauti yao ni nusu mzunguko. Zidisha kwa mbili, chukua wastani wa sampuli 128. Nzuri, ila inaamini kwamba osileta iko juu nusu ya muda na chini nusu ya muda kamili. Bafa ya osileta ikiwa 52 kwa 48, kipimo kinakosea asilimia 4 na mwiba unapanda hadi −28 dBc. Ni afadhali kupima kati ya kingo mbili zinazopanda, na ndiyo maana ya kutaka mzunguko na nusu pale juu, ili mara nyingi zote mbili ziwe ndani ya picha. Miundo ya siku hizi inakwenda mbali zaidi: inaacha algoriti ya LMS, inayopunguza kosa kidogo kidogo, itafute uhusiano kati ya kosa la fezi na desimali ya neno la masafa, na kusogeza geini, yaani namba ya kugeuza inveta kuwa mizunguko, polepole mpaka uhusiano huo utoweke.

Kwenye mnyororo wa inveta kuna mtego mwingine mdogo. Hatua zinapishana: moja inapanda, inayofuata inashuka. Flipu-flopu ya kawaida haiwi na muda uleule wa kusoma 1 na wa kusoma 0, hivyo namba witri na namba shufwa zinaonyesha upana tofauti. Tumia minyororo miwili inayokwenda kinyume, na flipu-flopu zenye umbo la amplifaya ya kuhisi zilizolingana pande zote mbili. Na mnyororo usiuache ukiwaka muda wote. Kati ya ukingo mmoja wa kristali na mwingine kuna mizunguko kama 184 ya osileta, na unahitaji mitatu au minne tu. Weka geti linalofunguka karibu na ukingo. Ulaji wa umeme wa TDC unashuka sana.

Kloki mbili zisizojuana

Kristali na osileta hazina mpango wowote kati yao. Kaunta inasomwa wakati ukingo wa kristali umefika, na ukingo huo unaweza kuangukia palepale kaunta inapogeuka. Flipu-flopu inasitasita, biti moja inasoma ya zamani na nyingine mpya.

Suluhisho ni kuisajili kristali upya kwa osileta. Soma kristali kwa ukingo unaopanda wa osileta, na wakati huohuo uisome kwa ukingo unaoshuka. Angalau mmoja wao uko mbali na hatari. Nani yuko mbali? TDC inajua, kwa sababu imepima hilo hasa. Biti moja ya katikati ya mnyororo inachagua njia, kisha unaongeza flipu-flopu tatu mfululizo ili uamuzi utulie. Kloki inayotoka hapo ndiyo inayoendesha mantiki yote ya kitanzi.

Ukichagua vibaya, kaunta na TDC hazikubaliani mzunguko ni upi, na kosa la fezi linaruka kwa 1.0 kamili, halafu linarudi. Dalili hiyo ni ya kipekee. Ukiiona kwenye rejista, usiguse chujio. Nenda kwenye kichaguzi na uangalie ucheleweshaji wa waya wake ukilinganisha na TDC baada ya mchoro kukamilika. Mikromita mia kadhaa za waya zinaweza kuhamisha mpaka wa uamuzi kwa inveta mbili tatu.

Geini za kitanzi

Tumia geini ambazo ni nguvu za mbili, ili kuzidisha kuwe kusogeza biti tu. Upana wa kitanzi ni α (geini inayozidisha kosa la fezi) × masafa ya kristali ÷ 2π. Kwa α ya 1/32 na 13 MHz unapata karibu 65 kHz, na kosa linagawanyika kwa 2.718 kila mikrosekunde 2.5. Kosa la 400 kHz linashuka hadi 1 kHz ndani ya mikrosekunde 15. Kwa 1/128 ni 16 kHz. Kimbia na ya kwanza, ukishafika ubadili uende ya pili, halafu uwashe tawi la kulimbikiza lenye ρ ya 2⁻¹⁵, ambalo linakupa uwiano wa kufifisha mitikisiko (damping) wa 0.707 kamili. Bluetooth ya nishati ndogo inakupa mikrosekunde 150 za kawaida kati ya pakiti, kwa hiyo haraka ya kupita kiasi haina tija.

Kubadili geini ndipo panapovunjika. Kabla tawi la kulimbikiza halijawashwa, kosa la fezi halifiki sifuri. Linasimama pale linapozaa masafa yanayohitajika. Kushikilia 400 kHz kwa α ya 1/32 kunataka kosa la mzunguko 0.985. Shusha α iwe 1/128 ghafla, na kosa hilohilo linazaa 100 kHz tu: masafa yanaanguka 300 kHz papo hapo, na kazi yote uliyofanya imepotea. Kabla ya kubadili, hifadhi tofauti hiyo kwenye rejista na uiongeze kwenye matokeo mapya. Ni kijumlishi kimoja.

Data nayo inaingia sehemu mbili kwa pamoja: kwenye neno la masafa, na moja kwa moja kwenye osileta. Kitanzi hakiioni data kama kosa, na kasi ya data haizuiwi na upana wa kitanzi. Njia hizo mbili zikipishana kwa kloki moja ya 13 MHz, ni nanosekunde 77 kati ya nanosekunde 1000 za biti moja. Jicho la ishara (mchoro wa biti zilizowekwa moja juu ya nyingine) linajikunja, na utadhani chujio la Gausi limekosewa.

Kristali ipi?

Chaneli ambazo ni kigawe kamili cha kristali zina shida zake. Kwa kristali ya 40 MHz, kama inayotumika na chipu ya ESP32, chaneli ya 2480 MHz ni 62 kamili. Hiyo ni chaneli 39 ya matangazo ya Bluetooth ya nishati ndogo, mojawapo ya tatu ambazo kifaa hutumia kujitangaza. Kwa 32 MHz, ya chipu za familia ya nRF52, chaneli hizo ni 2432 na 2464. Kwa 26 MHz ni 2418, 2444 na 2470. Chaneli hizo ni za kaunta inayohesabu masafa ya hewani. Ikihesabu osileta inayokimbia mara mbili, zinaongezeka maradufu.

Kwenye kigawe kamili, TDC inaona ukingo palepale kila mara. Hakuna wastani unaofanyika. Osileta inaelea ndani ya upana wa inveta moja bila kitanzi kujua, hadi iguse mpaka, isukumwe, ielee tena. Tikisa ukingo wa kristali kidogo kwa makusudi, kwa mpangilio wa nasibu wa hatua chache za inveta ambao unautoa baadaye kwa hesabu. Upande wa mpokeaji shida ni nyingine: vizidishi vya kloki ya mantiki (masafa yake mara mbili, mara tatu na kuendelea) vinaangukia katikati ya chaneli na kupunguza usikivu. Hapo dawa ni kuhamisha masafa ya kati au kugawa kloki ya mantiki tofauti kwenye chaneli hizo.

Simulesheni isiyodanganya

Ngspice, programu ya kuiga sakiti za analogi, haiwezi kukuonyesha mikrosekunde 100 za kitanzi chote kwa muda unaovumilika. Andika osileta kama modeli ya matukio ndani ya VHDL au SystemVerilog, kila mzunguko ukiwa tukio. Shida: hatua ndogo ya wakati kwenye VHDL ni femtosekunde 1. Kwenye 2.4 GHz, femtosekunde 1 ya kipindi ni sawa na 5.8 kHz, wakati sigma-delta yako inacheza na 0.72 kHz. Ukizungusha kila kipindi hadi femtosekunde iliyo karibu, umeua ulichotaka kukiona. Beba salio: hesabu wakati wa ukingo kwa namba halisi ya biti 64, zungusha, na uhamishie kilichobaki kwenye mzunguko unaofuata.

Ongeza na kelele. Osileta yenye −112 dBc/Hz kwenye 500 kHz ina mtikisiko wa kama femtosekunde 11 kwa kila mzunguko, unaolimbikizana. Ongeza mtikisiko usiolimbikizana kwenye kristali. Modeli isiyo na kelele hufunga vizuri sana na huonyesha miiba mikubwa ambayo kwenye silikoni haipo, au huficha ile iliyopo.

Anayetaka kujaribu hahitaji mkataba na kiwanda. Tangu 2020 faili za kubunia za SKY130, teknolojia ya nanomita 130 ya kiwanda cha SkyWater, ziko wazi kwa kila mtu, na IHP ya Ujerumani nayo imefungua SG13G2 yake. Xschem, ngspice, Magic na OpenROAD, zana za kubuni chipu, zinakaa kwenye Linux ya kawaida, iwe Mbeya au Kisumu. Anza na mnyororo wa TDC peke yake ukiwa na kaunta, kwa mia kadhaa za MHz. Koili iache mpaka uwe umejifunza openEMS, zana ya kuiga uga wa sumaku-umeme. Koili ya kubahatisha inakosea vya kutosha kukutoa nje ya bendi yote. Na ukifika hapo, ichore kwa umbo la nane, ili uga wa sumaku wa kikuza nguvu cha mwisho usiivute. Kuendesha osileta mara mbili ya masafa kunasaidia, lakini kizidishi cha pili cha kikuza nguvu bado kinaangukia juu yake.

Chipu ikirudi, usianze kwa kufunga kitanzi. Washa osileta wazi, soma rejista ya wastani wa TDC: ikisema 16 hadi 17 na inapanda ukiongeza volteji, mnyororo uko hai. Pitisha kundi la kwanza la kapasita kutoka 0 hadi 255 na uchore masafa, ukitafuta pengo kwenye 127. Ndipo ufunge, upime hatua ya kundi la tatu kwenye 2402, 2440 na 2480, uone kama mchemraba unatii. Kisha tembea chaneli zote ukiangalia miiba. Mwiba unaohama umbali wake kila ukibadili chaneli unatoka kwenye geini ya TDC. Unaobaki 13 MHz kutoka katikati popote uendapo ni kristali inayovuja kupitia laini ya umeme ya osileta. Hapo algoriti haitakuokoa, kagua kidhibiti volteji na waya wa ardhi.